Nimerithi fayawoli yenye sheria 1,140 na aliyeziandika ameshaondoka. Nianzie wapi?

#1 RithiTupu

Habari zenu wakuu,

Nina miezi miwili kwenye kitengo cha mtandao cha kampuni ya watu kama 600. Aliyekuwa anashika fayawoli (kifaa kinachochuja mawasiliano ya mtandao kwa sheria) aliondoka kabla sijafika. Ameacha bahasha ya nywila na mchoro wa mtandao ambao nusu ya vifaa vyake havipo tena. Nimeingia ndani nikakuta sheria 1,140. Kwenye sehemu ya maoni kumeandikwa "ya muda", "jaribio", "USIGUSE", na moja inasema "itafutwa Ijumaa". Ijumaa ya mwaka gani, Mungu ndiye ajuaye.

Inayoninyima usingizi ni sheria namba 7: kutoka mtandao wote wa ndani kwenda intaneti, poti (mlango wa huduma) yoyote, ruhusu. Haina logi, yaani haiandiki kumbukumbu ya kinachopita.

Nilijaribu kusafisha kidogo. Nikafuta sheria moja ambayo kaunta yake (hesabu ya mara ilizotumika) ilisoma sifuri kwa wiki 3. Siku ya mishahara ikafika, seva ya mishahara ikashindwa kuifikia seva ya uchapishaji, nikaitwa kwa majina yangu yote matatu.

Jambo la pili, sijui kama linahusiana: kila asubuhi mtu wa kwanza kufungua programu ya uhasibu, skrini inaganda kama robo saa. Baada ya hapo kila kitu kinakwenda sawa mpaka kesho yake. Watu wa programu wanasema ni mtandao, mimi nasema ni programu. Wakaguzi wanakuja baada ya wiki 6.

Nawasilisha.

#2 KeboNyekundu

Pole mkuu, na karibu chamani.

Kwanza acha kufuta. Leo fanya mambo mawili tu: chukua bakapu ya usanidi uiweke mahali ambapo hata fayawoli ikifa unaifikia, kisha washa logi kwenye kila sheria isiyo nayo, ukianza na hiyo namba 7. Angalia tu diski ya logi isijae; peleka kwenye seva ya pembeni kama ipo.

Sheria unayoitilia shaka unaizima, unaandika tarehe na jina lako kwenye maoni, unaiacha palepale ilipo. Kelele zikianza unaiwasha ndani ya sekunde 5. Ukiifuta utakuwa unaikumbuka kwa kichwa huku meneja kasimama nyuma ya kiti chako.

Halafu hiyo kaunta. Sifuri ya wiki 3 haina la kusema kuhusu kazi ya kila mwezi, umeshaliona mwenyewe. Kuna hesabu za robo mwaka, kuna kufunga mwaka, kuna zoezi la kuhamia kituo mbadala ambalo watu hulifanya mara moja kwa mwaka, wakilifanya. Na jiulize kaunta ilianza kuhesabu lini. Vifaa vingi vikizimwa na kuwashwa huanza upya, kwa hiyo unaweza kudhani sheria imelala miaka 2 kumbe umeme ulikatika juzi.

#3 Zamu_ya_Usiku

Kuna mtego mwingine hapo ambao KeboNyekundu hajautaja.

Fayawoli nyingi husoma sheria kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza kulingana na pakiti (kipande cha data) ndiyo inayofanya kazi. Kwa hiyo kila sheria ya trafiki ya kwenda nje iliyo chini ya namba 7 itasoma sifuri milele, hata kama huduma yake inatumika kila dakika, kwa sababu namba 7 imeshaipitisha. Sifuri ya namna hiyo ni kivuli tu. Siku utakayoizima namba 7, hizo "zilizokufa" ndizo zitakazokuokoa. Ukiwa umezizima mapema, umekwisha.

Wanaotumia pf, fayawoli ya mfumo wa OpenBSD, wajue kwao mambo ni kinyume: sheria ya mwisho kulingana ndiyo inayoshinda, isipokuwa umeweka neno `quick`. Nimewahi kumwona mtu mzoefu kabisa akihamisha sheria kutoka kifaa kingine kwenda pf kwa mpangilio uleule. Alifungua kila kitu alichotaka kukifunga.

#4 Mkaza_Kamba

Mnajisumbua. Mwambie bosi anunue fayawoli ya kizazi kipya inayotambua programu zenyewe badala ya poti. Na ICMP (ujumbe wa taarifa na makosa ya mtandao, kama ping) funga yote, sisi tumefunga tangu zamani hakuna aliyelalamika.

#5 KeboNyekundu

> Mwambie bosi anunue

Akinunua, muuzaji atakuja na zana ya kuhamisha usanidi, na zana hiyo itahamisha sheria zote 1,140 kwa uaminifu mkubwa, pamoja na ile ya Ijumaa.

Sikatai uwezo wa kutambua programu, unasaidia sana siku hizi ambapo kila kitu kinapita poti 443 ya tovuti zilizosimbwa. Lakini ili kifaa kione ndani ya TLS (usimbaji huo) lazima uweke cheti chako kwenye kila kompyuta, na kuna programu ambazo zikiona cheti kisicho chao zinagoma kabisa. Hiyo ni kazi ya miezi. Jamaa ana wiki 6.

#6 Pakiti1500

Mkaza_Kamba, hilo la ICMP naomba nilisemee, maana limenila usiku mwingi.

Pakiti ya kawaida ya Etherneti inabeba baiti 1500. Ukiipitisha ndani ya VPN (njia iliyosimbwa kati ya ofisi), vichwa vya usimbaji vinakula nafasi, kwa hiyo ile ya 1500 haitoshi tena. Ruta iliyo katikati inamrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP aina ya 3, kodi ya 4, unaosema: kubwa mno, punguza. Umeufunga ujumbe huo? Mtumaji hasikii, anarudia pakiti ileile, inatupwa tena. Dalili zake ni za kichawi: ping inapita, SSH inafungua na unaandika nywila vizuri, lakini ukiomba faili kubwa kila kitu kinakaa kimya. Watu "hawalalamiki" kwa sababu wanadhani ofisi ya tawi ina intaneti mbovu.

Kwenye IPv6 (mfumo mpya wa anwani za mtandao) ni balaa zaidi, maana huko ruta haziruhusiwi kabisa kukata pakiti vipande. Upo waraka wa RFC 4890 wa mwaka 2007 unaoeleza ICMPv6 ipi ipite na ipi izuiwe. Usome kabla hujakaza kamba.

#7 Mkaza_Kamba

Tawi letu kweli lina intaneti mbovu lakini 😅

Ngoja nikaangalie.

#8 BibiSwichi

RithiTupu mjukuu wangu, hao wote wamekimbilia sheria, mimi nataka hiyo robo saa. Nijibu:

Kuganda kunachukua muda ule ule kila siku? Programu na hifadhidata ziko upande mmoja wa fayawoli au kila moja upande wake? Na tatizo lilianza lini, ukikumbuka na jambo lililobadilishwa wiki hiyo?

#9 RithiTupu

Shikamoo Bibi.

Nimekaa na saa leo asubuhi: dakika 15 na sekunde kama 20 au 30. Jana mhasibu alisema "robo saa na ushei". Kwa hiyo ni uleule.

Programu iko VLAN (sehemu iliyotengwa ya mtandao) namba 20, hifadhidata ni PostgreSQL kwenye VLAN 30, katikati ni fayawoli. Zamani zilikuwa VLAN moja. Zilitenganishwa kama miezi 5 iliyopita kwa ushauri wa wakaguzi wa mwaka jana, na malalamiko ya kwanza kwenye tiketi ni ya wiki hiyohiyo.

#10 Zamu_ya_Usiku

Njia mbili tofauti hiyo. Ombi linapita fayawoli, jibu linarudi kwa swichi bila kupita fayawoli. Fayawoli inayokumbuka miunganisho ikiona nusu tu ya mazungumzo inayakata. Angalia kama seva ya hifadhidata ina kadi ya pili iliyobaki kwenye VLAN 20.

#11 BibiSwichi

Ingekuwa njia mbili, mjukuu, ingekatika mchana kutwa. Hii inakufa usiku na kufufuka asubuhi. Kitu kinachokufa kwa kukaa bure.

RithiTupu, tafuta kwenye logi za fayawoli muunganisho wa poti 5432 ya PostgreSQL kati ya hizo VLAN mbili. Usitazame ulivyofunguliwa, tazama ulivyofungwa na baada ya muda gani.

#12 RithiTupu

Bibi! Jioni yote imejaa hii: imefungwa kwa sababu muda umekwisha, baada ya sekunde 3600 bila data. Na saa 2 kasoro asubuhi kuna mfululizo wa pakiti za TCP (itifaki inayobeba miunganisho hiyo) zilizotupwa, sababu "si sehemu ya muunganisho unaojulikana".

#13 BibiSwichi

Haya, kaa chini nikueleze, na wengine wasome maana hili linaua watu wengi.

Programu za namna hiyo hazifungui muunganisho mpya kila mtu akibofya. Zinafungua kadhaa asubuhi, zinaziweka kwenye dimbwi, zinazitumia kwa zamu. Watu wakienda nyumbani, miunganisho inabaki wazi bila neno kupita. TCP yenyewe haina shida na hilo, inaweza kukaa kimya wiki nzima.

Fayawoli ndiyo isiyovumilia. Kila muunganisho unachukua nafasi kwenye jedwali lake, na jedwali lina mwisho, kwa hiyo unaokaa kimya unafutwa. Fayawoli za Cisco ASA, FortiGate na PAN-OS (ya Palo Alto) zote zinakuja na saa 1 kwa TCP. Linux yenyewe ikifanywa fayawoli inasubiri sekunde 432,000, ambazo ni siku 5, ndiyo maana aliyezoea Linux hajawahi kukutana na jambo hili.

Sasa sikiliza ubaya wake. Fayawoli inapofuta, haimwambii mtu. Programu inaamini muunganisho upo, hifadhidata inaamini upo. Asubuhi mhasibu anabofya, programu inatuma swali kwenye muunganisho wa jana, fayawoli haiutambui, inatupa pakiti kimyakimya. Linux ya upande wa programu inadhani pakiti imepotea njiani, inarudia, inasubiri, inarudia, kila mara ikiongeza muda. Kwa mpangilio wake wa kawaida (`tcp_retries2` ikiwa 15) inakata tamaa baada ya sekunde kama 924. Gawa kwa 60.

#14 KeboNyekundu

Dakika 15 na sekunde 24. Bibi nimevua kofia.

#15 Zamu_ya_Usiku

Nakubali kushindwa. Na hapa ndipo ule ubishi wa kutupa au kukataa unapokuwa na maana. Sheria ya mwisho ya kuzuia kwa trafiki ya intaneti iache itupe kimya, mtu wa nje hana haki ya kujibiwa. Lakini kati ya VLAN zenu wenyewe, weka ikatae kwa kurudisha RST (pakiti inayosema muunganisho haupo). Hapo programu ingejua papo hapo kwamba muunganisho umekufa na ingefungua mwingine, mhasibu asihisi kitu. Angalia tu kwamba kifaa chako kinaweza kurudisha RST hata kwa pakiti zisizo na muunganisho. Vingine hiyo ni sehemu tofauti ya mipangilio.

#16 RithiTupu

Nimeweka `net.ipv4.tcp_keepalive_time=600` kwenye seva ya programu, yaani baada ya sekunde 600 za ukimya itume keepalive, pakiti ndogo ya kuuliza kama muunganisho uko hai, maana nimesoma kwamba ya kawaida ni 7200, yaani saa 2, wakati fayawoli inakata kwa saa 1. Nikajiona bingwa. Leo asubuhi imeganda vilevile.

#17 Pakiti1500

Kwa sababu hiyo namba inawahusu wanaoomba tu. Keepalive haiwashwi na mfumo kwa kila soketi, programu yenyewe lazima iiombe, na kiunganishi cha Java cha PostgreSQL kwa kawaida hakiombi mpaka uandike `tcpKeepAlive=true` kwenye anwani ya muunganisho.

Njia rahisi kwako ni kugeuka upande wa pili. PostgreSQL upande wa seva inaiomba yenyewe kwa kila anayeunganika. Weka `tcp_keepalives_idle = 600` kwenye usanidi wake, pakia upya, na hutahitaji kumbembeleza mtu wa programu. Kila dakika 10 za ukimya itatuma pakiti moja ndogo, fayawoli itaanza kuhesabu upya.

Usipandishe muda wa fayawoli nzima hadi saa 12 kama wengi wanavyofanya. Jedwali litajaa maiti. Ukilazimika, pandisha kwenye sheria hiyo moja tu.

#18 RithiTupu

Siku ya tatu bila kuganda. Mhasibu kaniambia "mmebadilisha kompyuta?" Bibi, ubarikiwe.

Sasa narudi kwenye namba 7. Wakuu, nifanyeje bila kuua kampuni?

#19 KeboNyekundu

Usiifunge. Ihamishe hadi mwisho wa zile za kwenda nje, kisha ijengee sheria mahususi juu yake, moja baada ya nyingine, kwa kusoma logi zake.

Siku ya kwanza utaona 80 na 443 za watumiaji zimejaa. Ziandikie sheria yao, zinaondoka kwenye logi ya namba 7. Siku ya pili DNS (inayogeuza majina kuwa anwani): ruhusu seva zenu za DNS peke yake ziende nje kwa poti 53, kompyuta za watu ziulize seva zenu. NTP (ya kulinganisha saa) vilevile, 123 kutoka seva moja. Barua pepe, poti 25, kutoka seva ya barua tu. Kompyuta ya mtu wa mapokezi haina sababu ya kutuma SMTP (barua pepe) duniani, ikituma ina ugonjwa. Kisha 445 (ya kushirikishana faili za Windows) kwenda nje, hiyo ndiyo funga kabisa mapema, hata kabla ya mengine. Waliokumbuka shambulio la WannaCry la tarehe 12 Mei 2017 wanajua: kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetoka tangu 14 Machi, lakini 445 zilikuwa wazi kila kona, ndani na nje.

Kila siku logi ya namba 7 inapungua. Ukifika mahali inasoma mistari 20 kwa siku, hapo unawatafuta wenyewe mmoja mmoja kwa simu. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na haina amri ya konsoli.

Na kila sheria mpya iandikwe: nani kaomba, kwa kazi gani, tiketi ipi, iangaliwe tena lini. Isiyo na mwenyewe haiingii. Kama mnapokea kadi za malipo, PCI DSS (kanuni za usalama wa kadi) inataka mzipitie sheria walau kila miezi 6, na mkaguzi ataomba ushahidi wa kupitia, ahadi hazimtoshi.

#20 Mgeni_wa_Konsoli

Samahani kuingilia, mimi bado najifunza. Mnabadilisha vipi sheria mkiwa mbali bila kujifungia nje? Nilifanya hivyo wiki iliyopita, nikasafiri usiku kwenda kuchomeka kebo kwa mkono.

#21 Zamu_ya_Usiku

Sote tumesafiri safari hiyo, mdogo wangu.

Kwenye Junos (vifaa vya Juniper) tumia `commit confirmed`: usipothibitisha ndani ya dakika 10 inajirudisha yenyewe. Cisco IOS unaandika `reload in 10` kabla ya kugusa kitu, ukifanikiwa unaifuta kwa `reload cancel`. Hakikisha tu hujahifadhi usanidi mpya kabla. Linux kuna `iptables-apply`. Kama kifaa chako hakina kitu cha aina hiyo, weka laini ya pembeni ya kufikia konsoli, isiyopita kwenye fayawoli yenyewe.

Na ukiwa hapo hapo: ukurasa wa usimamizi usionekane kutoka intaneti. Oktoba 2022 FortiOS (mfumo wa FortiGate) ilikutwa na udhaifu wa usalama, CVE-2022-40684, mtu alikuwa anaweza kufanya kazi za msimamizi bila kuingia kwa nywila. Waliokuwa wamefungia usimamizi kwenye mtandao wake wa ndani walisasisha kwa utulivu. Aprili 2024 ikaja CVE-2024-3400 ya PAN-OS, alama 10 kwa 10, hiyo ikapitia kwenye huduma ya VPN ambayo huwezi kuificha. Kwa hiyo masasisho ya fayawoli yenyewe nayo yawe na ratiba.

#22 Pakiti1500

Na IPv6. Windows inakuja nayo imewashwa tangu Vista. Nimeona sehemu sheria za IPv4 zimekazwa hadi raha, za IPv6 ziko tupu na mwisho wake ni "ruhusu".

#23 Mkaza_Kamba

Nimerudi kuripoti. Nimeruhusu ile ICMP aina ya 3 kodi ya 4. Tawi halina intaneti mbovu.

Naomba jambo hili libaki humu humu.

#24 RithiTupu

Wakuu, mrejesho wa wiki ya 5.

Zilizobaki zikifanya kazi ni 412. Nyingine nimezizima, sijafuta hata moja, nitasubiri mpaka kufunga mwaka kupite. IPv6 ilikuwa tupu kama Pakiti1500 alivyosema, mwisho wake "ruhusu", sasa imefungwa.

Namba 7 ilibaki na mteja mmoja tu. Kila Jumapili saa 8 usiku, anwani moja ya ndani isiyo na jina kwenye DNS inatoka kwa poti 21 kwenda anwani ya nje, na inapeleka mzigo mkubwa. FTP (ya kuhamisha faili), bila usimbaji wowote. Niliuliza kila idara, hakuna anayeijua. Nikafuata anwani ya MAC (ya kadi yake ya mtandao) kutoka swichi hadi swichi, nikaishia kwenye tundu la ukutani nyuma ya kabati la chumba cha mafaili. Kuna kikompyuta kidogo, vumbi limekilalia. Kinachukua nakala ya hifadhidata ya wateja na kuipeleka kwa mkandarasi ambaye mkataba wake uliisha miaka 3 iliyopita. Seva yake bado inapokea.

Sikukizima kwanza. Nimemwita mkuu wa kitengo na mtu wa sheria wakaona wenyewe, tumehifadhi logi zote za hiyo anwani, ndipo tukachomoa kebo.

#25 KeboNyekundu

Miaka 3. Na yote ilikuwa inapita kwenye sheria halali.

#26 BibiSwichi

Hifadhidata hiyo ndiyo ile ya VLAN 30? Kikompyuta kiliingiaje huko baada ya kutenganishwa? Kuna sheria nyingine inakiruhusu, itafute kabla wakaguzi hawajaiona.

#27 RithiTupu

Nimeiona Bibi. Ni namba 388. Ndiyo ile ya "itafutwa Ijumaa".

Nimezizima zote mbili jana Jumanne saa 4 asubuhi, nikiwa nimekaa karibu na simu. Haijaita bado.